Nilimpenda Ndani ya Daladala Tu

Wenzangu mlikutana na wapenzi wenu harusini, chuoni, au mlitafutiwa na mashangazi. Mimi wangu nilimpata akining'inia mlangoni mwa DCM la Ubungo–Kariakoo, noti kazibana katikati ya vidole, anapiga bodi dereva aondoe gari. Naam, konda. Mkimaliza kucheka tuendelee.

Ilikuwa 2013, nauli ndiyo kwanza imepanda mpaka shilingi 400. Nilikuwa nauza vitenge kwenye duka la watu Mtaa wa Congo, na jioni kupata siti pale Msimbazi ni vita. Wajanja tulikuwa tunageuza na gari: unalipandia Fire likiwa linaingia Kariakoo, unalipa nauli mara mbili, unarudi nalo umekaa. Siku moja konda akaikataa nauli ya pili. "Weka tu dada, kesho utaninunulia maji." Kesho yake nikamnunulia maji. Ndo ikaanza hivyo.

Karibu miaka mitatu siti ya nyuma ya dereva ilikuwa yangu. Fire, Jangwani, Magomeni Mapipa, Usalama, Manzese, tunaongea kwa vipande maana kila kituo lazima ashuke aite abiria. Nilijua hesabu anayompelekea tajiri kila siku. Nilijua mama yake anaumwa sukari. Yeye alijua kila kitu changu isipokuwa nyumba yetu. Tukifika Ubungo nilishuka kama abiria wengine, bila hata kugeuka. Mama alikuwa anasubiri mkwe wa ofisini, lakini nisimsingizie mama. Mimi mwenyewe sikutaka shosti zangu wamuone.

Na njia yenyewe siku zake zilikuwa zinahesabika. Daladala zilizaliwa kwa shida: UDA, iliyoanza 1974, ilishindwa kubeba jiji zima, na 1983 serikali ikaruhusu mabasi ya watu binafsi. Nauli ilikuwa shilingi tano, sarafu ambayo watu waliiita dala, na jina likaganda. Halafu 2012 Barabara ya Morogoro ikaanza kuchimbwa kwa ajili ya mabasi yaendayo haraka. Vumbi, matope, foleni isiyosogea. Watu walikuwa wanatukana foleni. Mimi namshukuru Mungu, maana kila foleni ilikuwa nusu saa ya ziada na mtu wangu.

Tarehe 10 Mei 2016 mwendokasi ukaanza. Mabasi 140, kilomita kama 21 kutoka Kimara hadi Kivukoni, na matawi ya Morocco na Kariakoo. Nauli shilingi 650. SUMATRA ikaziondoa daladala kwenye barabara ile na kuzipangia njia nyingine.

Safari yetu ya mwisho alinikalia pembeni kuanzia Manzese, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akaniuliza, "Sasa nitakuona wapi?"

Nikamjibu, "Si tuna simu?"

Gari lao tajiri akaliuza, mwenzangu akabaki deiwaka, leo gari hili kesho lile. Akapiga simu: anaomba aje nyumbani kujitambulisha, hata Jumapili, hata kwa dakika kumi. Nikasema subiri kwanza. Akapiga tena karibu na Idi, nikasema subiri. Baada ya hapo hakupiga, na mimi, nikiwa nimekaa ndani ya basi jipya lenye milango inayojifunga yenyewe, sikupiga pia. Nilikuwa najidanganya eti tumetenganishwa na barabara.

Aprili 2018 mvua zikaifunika Jangwani, mwendokasi ukasimama. Nikakata Kariakoo kwa miguu, viatu mkononi, natafuta gari la Buguruni nikaunganishe la Ubungo kwa Barabara ya Mandela. Nikaisikia sauti kabla sijamuona mwenyewe. Kanenepa kidogo. Kidoleni ana pete.

"Twende dada, siti ipo," akasema, vilevile anavyowaambia abiria wote.

Nikapanda. Siti ya nyuma ya dereva ilikuwa na mtu, nikakaa karibu na mlango. Tulipofika Ilala Boma akaanza kukusanya. Nikatoa noti ya mia tano, nikamwambia chenji akanunulie maji.

Akanirudishia shilingi 100 yangu.