Senene wanashuka: soma haya kabla hujawasha taa

Ndugu msomaji, ukisikia watu wa Rwamishenye wanaulizana "wameshuka?" kabla hata ya kusalimiana, ujue Novemba imefika. Sherehe hii haina gwaride wala mgeni rasmi, lakini nyumba nzima hukesha. Waganda, jirani zetu wa ng'ambo ya Mtukula, wameupa mwezi huu jina la mdudu huyu, Museenene. Msimu mdogo hurudi na masika.

Wazee husimulia kwamba zamani wanawake waliokota na wanaume wakala. Siku hizi kila mtu anaokota, kila mtu anakula, na vijana wamesimamisha mabati, mapipa na taa kali. Hapo ndipo ninapotaka tuongee.

Zile balbu kubwa huunguza macho na ngozi. Usizitazame moja kwa moja, vaa miwani ya giza na shati la mikono mirefu. Waya uliounganishwa kwa plastiki usiuache kwenye majani yenye umande. Mvua ya Bukoba haipigi hodi. Taa hizo huvuta pia kadudu kembamba chenye rangi ya chungwa na nyeusi. Kakitua shingoni kapeperushe, usikaponde, maana maji yake hutoa malengelenge. Kama umeshakaponda, osha kwa sabuni mara moja.

Senene wakishapatikana, adui ni joto. Waliojazwa hai kwenye kiroba huchemka na kuanza kuoza kabla ya asubuhi. Watandaze, wanyonyoe mapema, waoshe, kisha wakaange kwa mafuta yao wenyewe. Wana mafuta mengi, mama, usiongeze chupa nzima. Wa kusafirisha Mwanza au Dar es Salaam wakauke hadi wavunjike kwa vidole, wapoe kabisa, ndipo wafungwe. Unyevu ukibaki, ukungu unaota. Wa kwenye shamba lililopuliziwa dawa waache. Na mgeni ambaye kamba wa baharini humletea mzio aonje kidogo sana, au asile kabisa.

Kwa lishe sina wasiwasi nao: zaidi ya theluthi ya uzito wa senene mkavu ni protini. Mtoto anayekula ndizi asubuhi na jioni anawahitaji kuliko mnunuzi wa mjini, ingawa najua kopo moja sokoni linalipa ada.

Mzee mmoja jirani aliniuliza, "Bwana shamba, mbona siku hizi wanapita tu juu?" Tulitembea naye hadi rweya. Senene hula maua na mbegu za nyasi, na hutaga mayai kwenye mashina yake. Pale palipokuwa na nyasi za kufika kiunoni, sasa kuna mikaratusi na misonobari, na kilichobaki huchomwa kila kiangazi. Taa hata iwe kali namna gani haizalishi senene.

Sikukatazi kupanda miti; kuni na mbao tunazihitaji. Ila acha ukanda wa nyasi ndefu, usiuchome, na ng'ombe wasiingie mpaka mbegu zikomae. Majani ya kutandaza kwenye kibanja kata kwa zamu, nusu mwaka huu, nusu mwakani.

Yule mzee ameacha kipande chake nyuma ya migomba, hakukichoma kiangazi hiki. Nyasi zimeshatoa maua.