Barua kutoka Wellington: Waliofungwa Sita Wamepita

Wellington, New Zealand
Ijumaa, 4 Agosti 2023

Mdogo wangu mpendwa,

Baridi ya huku imenifanya nivae kila nguo niliyobeba. Kwenu Tanga ni Agosti ya upepo mwanana wa kusi, kwetu ni katikati ya majira ya baridi, na jua linazama saa kumi na moja na ushei jioni. Uliniomba nikuandikie habari za Kombe la Dunia la wanawake ili uwasomee wasichana wako wa mazoezi ya jioni. Ningekuandikia mapema, lakini nilitaka hatua ya makundi iishe kwanza. Imekwisha jana usiku, na jinsi ilivyokwisha sikupata usingizi.

Nianze na Morocco. Tarehe 24 Julai, kule Melbourne, walichapwa na Ujerumani mabao sita kwa bila. Ilikuwa mechi yao ya kwanza katika Kombe la Dunia, na walikuwa timu ya kwanza ya wanawake kutoka nchi ya Kiarabu kufika huku. Asubuhi yake kila niliyekutana naye alikuwa amekwisha kuwafungia virago. Wakaenda Adelaide wakaifunga Korea Kusini bao moja, Ibtissam Jraïdi kwa kichwa dakika ya sita. Katika mechi hiyo beki wao Nouhaila Benzina alicheza amevaa hijabu, jambo ambalo halijapata kuonekana katika Kombe la Dunia la wakubwa. Waambie hilo wale wawili wa kwako ambao wazazi wao wanasitasita. FIFA iliondoa rasmi katazo la hijabu uwanjani tangu 2014, kwa hiyo anayewazuia leo asisingizie sheria za mpira.

Jana walikuwa Perth kucheza na Colombia, na saa hiyohiyo Ujerumani ilikuwa Brisbane na Korea. Huku Wellington ilikuwa saa nne usiku. Mgahawa ulio karibu na ninapolala una televisheni mbili, na mwenyewe alikuwa na busara ya kuweka mechi moja kila upande. Chini ya hiyo ya Brisbane walikaa vijana wa Kijerumani, watalii, wametulia na bia zao, maana hesabu ilikuwa upande wao: wakishinda wanapita, na Korea ilikuwa haijapata hata pointi moja. Chini ya hiyo ya Perth nilikaa mimi na familia moja ya Kisomali inayoishi hapa mjini. Korea ikafunga dakika ya sita. Alexandra Popp akasawazisha kabla ya mapumziko, kisha huku kwetu Morocco ikapata penalti. Ghizlane Chebbak akapiga, kipa akapangua, na Anissa Lahmari akauwahi mpira na kuutia wavuni. Bao moja kwa bila.

Kipindi cha pili sikukitazama kwa utaratibu wowote. Shingo ilikuwa inageuka kulia na kushoto. Popp alifunga tena kwa kichwa, likakataliwa, alikuwa ameotea. Kichwa kingine kikagonga mwamba. Perth mechi ikamalizika mapema, Morocco wameshinda, lakini hakuna aliyeshangilia, kwa sababu Brisbane dakika za nyongeza zilikuwa haziishi. Wachezaji wa Morocco na makocha wao walijikusanya katikati ya uwanja wakiinamia simu, kama wale watu wa mtaani kwetu wanavyozunguka redio moja Simba na Yanga wanapocheza. Filimbi ya Brisbane ilipolia, walianguka chini wakilia. Colombia pointi 6, Morocco pointi 6, Ujerumani 4. Ujerumani, mabingwa wa 2003 na 2007, ambao hawajawahi kutolewa hatua ya makundi tangu mashindano haya yaanze China mwaka 1991, wanarudi nyumbani. Waliofungwa sita wamepita. Kijana mmoja wa Kijerumani alikuja kutupa mkono, mtoto wa watu, macho mekundu.

Kuna kitu baba alikuwa akitusimulia ambacho nilikikumbuka hapo. Mwaka 1982, kule Hispania, Algeria waliifunga Ujerumani Magharibi. Mechi yao ya mwisho waliicheza siku moja kabla ya wenzao, nao Wajerumani na Waaustria wakaingia uwanjani Gijón wakijua kabisa matokeo yatakayowapitisha wote wawili. Wajerumani wakafunga mapema, kisha watu wakapigiana pasi mpaka mwisho. Algeria nje. Tangu Kombe la 1986 mechi za mwisho za kila kundi zinachezwa kwa wakati mmoja. Bila malalamiko ya Waalgeria yale, ndugu yangu, jana kusingekuwa na televisheni mbili.

Sasa nikurudishe nyuma kidogo. Jumatatu nilikuwa Hamilton, mji mdogo ulio kandokando ya mto Waikato, kutazama Zambia na Costa Rica. Mechi yenyewe kimahesabu ilikuwa haina maana. Timu zote mbili zilikwisha kutolewa. Zambia walikuwa wamefungwa tano na Japani, tano tena na Hispania, na walikuja wakiwa nambari 77 katika orodha ya FIFA, wa chini kuliko wote 32. Nilikata tiketi hata hivyo, na nafurahi nilikwenda.

Wimbo wa taifa wa Zambia ulipopigwa nilisimama mwili ukanisisimka, kwa sababu ni sauti ileile ya wimbo wetu, ile aliyoitunga Enoch Sontonga Afrika Kusini mwaka 1897. Nikajikuta naimba maneno yetu ya Kiswahili kwa sauti ya chini. Mzee mmoja wa Kizambia aliyesimama mbele yangu, amejifunga bendera kiunoni kama kanga, akageuka na kuniambia kwa Kiswahili cha Tunduma kwamba niimbe kwa nguvu, hapa hakuna polisi.

Hata hatujakaa vizuri Lushomo Mweemba akafunga, dakika ya tatu. Wanaume wa Zambia hawajawahi kufuzu Kombe la Dunia, kwa hiyo hilo ni bao la kwanza la nchi ile katika Kombe la Dunia la wakubwa, na limefungwa na beki mwanamke. Dakika ya 31 nahodha Barbra Banda akapiga penalti, na tangazo likatoka kwamba hilo ni bao la 1,000 katika historia ya mashindano haya ya wanawake. Costa Rica walirudisha moja baada ya mapumziko, halafu Racheal Kundananji akamaliza kazi dakika za nyongeza. Tatu kwa moja. Wazambia walicheza ngoma katika baridi ile kana kwamba wametwaa kombe, na mashabiki wa New Zealand waliokuja na watoto wao, tiketi ya mtoto ikianzia dola kumi za hapa, wakacheza nao.

Wenyeji wenyewe, nikwambie, ni watu wa raga. Walishinda mechi ya ufunguzi pale Eden Park, Auckland, dhidi ya Norway, ushindi wao wa kwanza wa Kombe la Dunia baada ya mechi 15 bila ushindi, na mji ulizizima. Baadaye wakafungwa na Ufilipino, wakatoka sare na Uswisi, wakatolewa kwa tofauti ya mabao. Niliogopa viwanja vitakuwa vitupu. Haikuwa hivyo.

Jumanne nilishinda ndani ya basi kuja Wellington. Njia inapita pembeni ya ziwa Taupo, halafu inapanda kwenye uwanda mkavu wenye nyasi za rangi ya kahawia na milima ya volkano upande wa kulia. Ruapehu una mita 2,797, haufiki hata nusu ya Kilimanjaro, lakini theluji imeushukia mpaka karibu na barabara. Abiria wenzangu walilala. Mimi niligandisha pua kwenye kioo mpaka nikaona aibu.

Jumatano nikaenda kutazama Afrika Kusini na Italia. Uwanja wa Wellington uko nyuma ya stesheni ya treni, ukingoni mwa bandari. Ni wa mviringo, umejengwa kwa ajili ya kriketi na raga, na kwa umbo lake wenyeji wanauita kopo la keki. Upepo unaingia kutoka baharini na kuzunguka humo ndani usijue umetoka wapi. Nikanunua chipsi za viazi vitamu, nikazishika mkononi kwa muda mrefu kabla ya kuzila, kwa ajili ya joto tu. Wimbo wetu ukapigwa tena, mara hii ukiwa sehemu ya kwanza ya wimbo wa Afrika Kusini.

Kwa Italia hata sare ilikuwa inaelekea kutosha. Walikuwa na pointi tatu, Afrika Kusini, yaani Banyana Banyana, moja, ile waliyoiambulia kwa Argentina kule Dunedin baada ya kuongoza mbili kwa bila na kusawazishiwa. Nilifika nikiwa na hasira na ile sare. Arianna Caruso akafunga kwa penalti dakika ya 11, nikasema basi. Kisha beki wao Benedetta Orsi akarudisha pasi kwa kipa bila kutazama, mpira ukaviringika taratibu mpaka wavuni mwao. Kipindi cha pili Hildah Magaia akafunga, Caruso akasawazisha kutokana na kona. Dakika ya 92, Magaia akamtengea Thembi Kgatlana karibu na lango, naye hakukosea. Waafrika Kusini tuliokuwa nao jukwaani walilia, na mimi sijui nilikuwa nalia nini.

Baada ya mechi Kgatlana aliwaambia waandishi kwamba katika wiki chache zilizopita amefiwa na watu watatu wa familia yake, na alichagua kubaki na timu. Na hii ndiyo timu ambayo mapema Julai iligoma kucheza mechi ya kuagwa dhidi ya Botswana kwa sababu ya mikataba, posho na uwanja mbovu, mpaka shirikisho lao likakusanya kikosi cha haraka chenye mtoto wa miaka 13, kikafungwa tano. Nigeria nao walikuja wakidai posho zao, na kocha wao Randy Waldrum alisema hadharani anadai mishahara ya miezi kadhaa. Hao hao wamewazuia Canada, mabingwa wa Olimpiki wa 2021, Chiamaka Nnadozie akiokoa penalti ya Christine Sinclair, kisha wakawafunga Australia tatu kwa mbili mbele ya umati wao Brisbane. Asisat Oshoala alivua jezi akashangilia, akala kadi ya njano, na sidhani kama alijali.

FIFA imeahidi dola 30,000 kwa kila mchezaji aliyefika hatua ya makundi, ila fedha zinapitia kwa mashirikisho. Ukiwauliza wachezaji wengi watakwambia hapo ndipo wasiwasi unapoanza.

Watu wataandika kwamba soka la wanawake la Afrika limekua. Ni kweli: wanne wamekuja, watatu wamepita, na haijawahi kutokea. Zamani kupita kulikuwa kwa Nigeria, na Cameroon baadaye. Lakini nimewaona kwa macho, na ninachokiona ni kwamba tukiitoa Morocco, ambayo imewekeza kwelikweli, hawa wengine wamefanikiwa licha ya viongozi wao. Wachezaji wamebeba viongozi mgongoni. Sitaki tulisifie hilo.

Na sisi? Tiketi za Afrika ziligawiwa kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika la wanawake, Morocco, mwaka jana. Kutoka kanda yetu walifika Uganda na Burundi, wakaishia makundi. Uganda ilipita kwa sababu Kenya ilijitoa wakati wa mgogoro wa shirikisho lake; wasichana wa Kenya hawakufungwa na mtu uwanjani. Twiga Stars, timu yetu ya taifa ya wanawake, hawakufika kabisa. Siwezi kuamini kwamba kati ya Tunduma na Nakonde ya Zambia, ng'ambo ya mpaka tu, watoto wa kike wanabadilika miguu. Kinachobadilika ni nani anawapa mpira, na wakiwa na umri gani.

Kwa hiyo nina ombi. Zungumza na yule mwenye kibanda umiza karibu na shule, mpe hela nitakayokutumia kesho kwa simu, awafungulie wasichana. Afrika Kusini wanacheza na Uholanzi Jumapili saa kumi na moja alfajiri kwa saa za huko; najua ni mapema, wanaoweza waje na wazazi wao. Nigeria na Uingereza ni Jumatatu saa nne na nusu asubuhi. Morocco wanakutana na Ufaransa Jumanne saa nane mchana, na hiyo ni sikukuu ya Nane Nane, shule zimefungwa, hakuna wa kukupa udhuru.

Nisalimie mama na majirani wote.

Dada yako