Mji wa Sabuni Uliopika Rangi za Televisheni

UKIABIRI gari moshi jijini Liverpool kuelekea kusini, baada ya dakika kama ishirini utavuka Mto Mersey juu ya daraja kuukuu la reli. Kando yake lipo daraja jingine la chuma, lenye upinde mkubwa, lililofunguliwa 1961. Ng'ambo ndiko Runcorn, mji mdogo wa Uingereza ambao zamani watu waliuendea kuoga na kuvuta hewa safi.

Hewa hiyo haikudumu. Karne ya 19 ilileta viwanda vya sabuni na magadi, pamoja na moshi wake mchungu. Hata juzi tu, mwaka 2000, wakazi wa kijiji cha Weston, pembeni mwa mji, waliambiwa kwamba mvuke wa sumu ulikuwa ukiingia majumbani mwao. Ulitoka katika machimbo ya mawe yaliyofukiwa kwa taka za viwanda.

Ni katika mji huo huo ndimo kampuni ya Nanoco, iliyoanzishwa 2001 kutokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Manchester, ilijenga kiwanda cha nukta za kwanta. Je, msomaji, nukta hizi ni nini? Ni punje ndogo mno. Maelfu yake zikipangwa foleni hazipiti upana wa unywele mmoja. Zikimulikwa, zilizo ndogo hutoa mwanga wa buluu, za wastani kijani, na kubwa nyekundu. Ndizo zinazong'arisha rangi katika baadhi ya televisheni za siku hizi.

Mwaka 1993, Moungi Bawendi na wanafunzi wake huko Marekani walidunga kemikali kwa ghafla ndani ya kiowevu cha moto sana, punje zikaumbika kwa pamoja na kulingana. Mwaka 2023 alikuwa miongoni mwa watatu waliotuzwa Nobel ya kemia.

Lakini mpishi yeyote wa pilau ya arusi anajua kwamba sufuria kubwa ina mambo yake. Katika pipa la kiwandani, kemikali haichanganyiki mara moja. Huku kumepoa, kule kungali moto. Punje zikihitilafiana, rangi nazo huchafuka.

Nanoco walitumia mbegu: vifungu vya molekuli vilivyokwisha kulingana, kisha wakavikuza kwa kupandisha moto polepole. Mwenda pole hajikwai.

Kisha kulikuwa na suala la kadimiamu, madini yanayotoa nukta nzuri ajabu lakini hudhuru figo na mifupa. Nanoco waliiepuka wakachagua indiamu, ingawa ni vigumu zaidi kupata nayo rangi safi.

Televisheni huchakaa, nayo mwisho wake ni jaani. Waulize watu wa Weston: kilichofukiwa ardhini hurudi kubisha hodi mlangoni.