Filimbi Katika Jazi

Katika jamaa ya ala za kupulizwa hakuna iliyo maskini kama filimbi. Zumari ina tete mbili zinazotetema mdomoni. Saksafoni ina tete moja. Tarumbeta ina kikombe cha shaba kipokeacho mtetemo wa midomo. Filimbi haina kitu ila tundu. Mpulizaji huelekeza pumzi yake kwenye ukingo wa tundu hilo, nayo pumzi huyumba, mara ndani ya mwanzi, mara nje yake, na katika kuyumba huko sauti huzaliwa. Sehemu kubwa ya pumzi hupotea hewani bila ya kurudi. Kwa hiyo mpiga filimbi ni mtu aliyekubali hasara tangu mwanzo wa biashara yake, akatumaini kwamba kidogo kitakachosalia kitamtosha.

Umaskini huo ndio uliochelewesha filimbi katika muziki wa jazi. Jazi ilikulia New Orleans mwanzoni mwa karne ya 20, katika magwaride, mazishi na kumbi za dansi, mahali ambapo mwenye sauti ndogo hakusikilizwa. Sauti za chini za filimbi, ambazo ndizo zenye utamu, zilimezwa na ngoma na tarumbeta. Alberto Socarrás, mzaliwa wa Kuba, aliipiga katika santuri za jazi mwishoni mwa miaka ya 1920. Wayman Carver aliipiga katika bendi ya Chick Webb katika miaka ya 1930. Lakini walikuwa kama wageni waliokaribishwa barazani wasikaribishwe ndani. Kipaza sauti ndicho kilichoifungulia filimbi mlango. Iliposogezwa karibu nacho, mnong'ono ulitosha kujaza ukumbi. Katika miaka ya 1950 Frank Wess aliisimamisha mbele ya bendi kubwa ya Count Basie, na Herbie Mann akaifanya kuwa ala yake ya kwanza badala ya saksafoni. Tangu hapo ikawa desturi mpiga saksafoni kuwa na filimbi pembeni, kama jahazi lifuatwavyo na kihori chake.

Afrika ya Mashariki ilipokea neno jazi kabla ya kuipokea filimbi yake. Dar es Salaam Jazz Band iliundwa katika miaka ya 1930, kisha neno hilo likaenea mijini: Western Jazz, Morogoro Jazz, Kilwa Jazz, Atomic Jazz ya Tanga, na NUTA Jazz ya mwaka 1964. Muziki wenyewe ulikuwa wa magitaa, saksafoni, tarumbeta na ngoma, nao ulifuata zaidi santuri za Kuba na nyimbo za Kongo kuliko mambo ya Chicago. Filimbi kwa kawaida haikupewa kiti katika safu hiyo. Jambo hili ni la ajabu, kwa kuwa pwani haikuwa ngeni wa vitu vya kupulizwa. Ilikuwa na siwa za Lamu na Pate, ilikuwa na zumari za harusi, na taarabu ya Unguja iliijua nai. Kusini zaidi mambo yalikuwa mengine. Vijana wa Johannesburg katika miaka ya 1950 walinunua filimbi za bati za bei rahisi, wakazipiga kwela njiani, na Spokes Mashiyane akapata sifa kubwa kwa kijibomba ambacho mtoto yeyote angeweza kukiweka mfukoni.

Bagamoyo ilipata nafasi yake baadaye. Chuo cha Sanaa kilianzishwa pale mwaka 1981, na mwaka 2007 kikawa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni. Hukwe Zawose, Mgogo aliyeshuka pwani kutoka Dodoma, alifundisha hapo. Watu humkumbuka kwa sauti yake, zeze lake na ilimba yake. Lakini alipuliza filimbi pia, na alipofariki mwaka 2003 muziki wake ulikuwa umekwisha sikilizwa Ulaya na Marekani. Ameacha ushahidi kwamba chombo kidogo cha nyumbani hakihitaji ruhusa ya ala kubwa ili kisemezane na dunia.

Katika kijiji kimoja kwenye njia iendayo Mlingotini aliishi mzee mmoja aliyepiga saksafoni miaka mingi mjini Dar es Salaam. Saksafoni haikuwa mali yake. Ilikuwa mali ya shirika lililoimiliki bendi, kama ilivyokuwa kwa bendi nyingi za wakati ule, na kifua chake kiliposhindwa kazi aliikabidhi dirishani kwa mtunza stoo, akatia sahihi, akapanda basi kwenda kwao na shati moja la jukwaani. Watu walimpa pole kwa kupoteza chombo chake. Hakuwaambia kwamba chombo hicho kilikuwa kimekwisha mgharimu zaidi.

Usiku wa Jumamosi moja, miaka mingi nyuma, mjumbe alifika mlangoni mwa ukumbi na habari kwamba mkewe huko nyumbani alikuwa mahututi. Bendi ilikuwa imebakiza nyimbo nne. Alijiambia kwamba ugonjwa ule ulikuwa umekwisha kuja na kuondoka mara nyingi. Alijiambia kwamba basi la mwisho lilikuwa limekwisha ondoka. La pili lilikuwa kweli. Alizipiga nyimbo nne zote, na wenziwe walisema kwamba hajapata kupiga vizuri kama usiku ule. Kesho yake alifika kaburi limekwisha fukiwa. Mwanawe wa pekee, mwenye umri wa miaka kumi na minne, ndiye aliyekaa na mama yake peke yake mpaka alfajiri.

Mtoto huyo hakumvunjia baba yake heshima hata siku moja. Alikua, akawa fundi bomba, akaoa, akajenga nyumba hatua chache na ya baba yake. Kila asubuhi alipita akisema, "Shikamoo, baba," na mzee akaitikia, "Marahaba." Baada ya hapo hapakuwa na neno. Desturi iliwapa wawili hao daraja la kuvukia, nao wakalifanya kuwa ukuta. Watu wa kijiji waliwasifu kwa adabu.

Binti wa fundi huyo alijifunza muziki mjini Bagamoyo, akachagua filimbi. Siku za mapumziko alikuja nayo kwa babu yake. Mzee aliitazama kwa dharau ya mtu aliyezoea shaba.

"Hiki ni kitu cha kuchungia mbuzi, mke wangu," alisema, kwa utani wa babu na mjukuu.

"Basi sikiliza mbuzi hawa, babu," alijibu, akamtegea simu sikioni.

Aliyesikika alikuwa Eric Dolphy, mpiga saksafoni mwenziwe, akipiga filimbi mjini Hilversum, Uholanzi, tarehe 2 Juni 1964. Dolphy aliwahi kueleza kwamba nyumbani kwao alipokuwa akifanya mazoezi ndege waliimba naye, na kwamba aliziacha sauti zao ziingie katika muziki wake. Tarehe 29 ya mwezi ule ule alifariki Berlin, naye ana umri wa miaka 36. Mzee alisikiliza wimbo wote, akauomba tena. Siku zilizofuata binti alimletea Yusef Lateef, ambaye alitengeneza filimbi za mianzi kwa mikono yake na kuchukua ala za Mashariki bila ya kuona haya. Akamletea Roland Kirk, ambaye alighuna kwa koo huku akipuliza, hata filimbi moja ikatoa sauti ya watu wawili wanaogombana. Mzee alicheka kwa furaha mpaka kikohozi kikamshika.

Kisha akaanza kufundisha. Hakuweza tena kushikilia sauti ndefu. Pumzi yake ilikwisha katika hesabu ya nne. Lakini upungufu huo ulimfanya mwalimu bora kuliko alivyokuwa katika nguvu zake. "Usimalize pumzi yote," alimwambia mjukuu wake. "Mpiga gitaa anaweza kupiga usiku kucha asinyamaze, ndiyo maana mara nyingi hana la kusema. Wewe Mungu amekulazimisha kunyamaza. Ukimya wako ni sehemu ya wimbo. Uweke mahali pake." Siku nyingine alimwambia, akitazama nje, "Kuna mtu aliwahi kupewa mahali pa kunyamaza akaendelea kupiga." Binti hakuuliza ni nani. Alikuwa mtoto wa nyumba ile, alijua.

Ikaja kaskazi, na kwa ukavu wake mwanzi ukapasuka kutoka tundu la mdomo hadi chini. Filimbi iliyopasuka haipigiki, kwa sababu hewa hutoroka mahali isipotakiwa. Jioni ile hapakuwa na muziki. Jioni ya pili vilevile. Ya tatu, baada ya sala ya magharibi, fundi bomba alipita akatoa salamu yake, akaitikiwa, lakini hakuondoka. Mkononi alikuwa na kipande cha bomba la plastiki la robo tatu ya inchi, urefu wake kiasi cha sentimita 60, masalio ya kazi ya siku ile.

Kipenyo cha bomba hilo hakipishani sana na kile cha filimbi za fedha zipigwazo Marekani na Ulaya. Halipasuki kwa jua wala kwa upepo wa chumvi. Na fundi alikuwa na bisibisi, makaa ya moto na mikono iliyozoea kupima. Hayo yote alikuwa amekwisha yafikiri. Kwa siku nyingi alikuwa ameusikia muziki ule kutoka uani kwake, nyumba zikiwa karibu, na hapana shaka aliyasikia na maneno yaliyosemwa kati ya muziki. Alichuchumaa mbele ya baba yake, akamwekea bomba magotini.

"Tundu la kwanza," aliuliza, "nilitoboe wapi?"

Mzee alikaa kimya muda mrefu. Kisha akaliweka bomba midomoni, akatia alama kwa ukucha, akamrudishia mwanawe.

Yaweza kudhaniwa kwamba swali lile lilikuwa la kazi tu, na pengine lilikuwa hivyo. Deni la usiku wa nyimbo nne halikufutwa kwa kipande cha bomba, wala hakuna aliyelitaja. Lakini filimbi yenyewe hufundisha kwamba si lazima pumzi yote ifike. Nyingine hupotea hewani, na mwenye kuililia hiyo hapigi kitu. Katika kijiji kile jioni nyingi baadaye palisikika sauti nyembamba ya plastiki, ikipiga jazi polepole, ikinyamaza, ikaanza tena. Na mara kwa mara, katika kunyamaza kwake, sauti za wanaume wawili zilisikika zikibishana juu ya vipimo vya matundu.