Kadi ya Matundu 12

Mwezi wangu wa kwanza wa ualimu, Tanga, jina langu halikuwamo kwenye orodha ya mishahara. Karani aliniambia orodha imeshapita kwenye kompyuta, nivute subira mpaka mwezi ujao. Sikumwelewa. Kompyuta nilizosikia habari zake zilisifiwa kwa kasi; iweje jina moja lisubiri siku thelathini?

Swali hilo nilisafiri nalo miaka mingi baadaye, nilipopanda ndege kwenda Marekani kwa mara ya kwanza katika maisha yangu. Mpwa wangu anaandika programu huko San Francisco. Siku ya pili, nikiwa bado nasinzia mchana na kukesha usiku, aliniamsha. "Shikamoo mjomba. Leo Jumamosi, ile mashine inawashwa. Twende."

Treni ilituchukua zaidi ya saa moja kwenda kusini, mpaka Mountain View, kwenye jumba la Computer History Museum. Humo imo IBM 1401, kompyuta iliyotangazwa Oktoba 1959 na kutengeneza mishahara na ankara za watu wasiohesabika. Waliofufua ile ya jumba hilo ni wahandisi wastaafu wanaojitolea. Mmoja wao, mzee mwenye mikono iliyotulia, alinikalisha mbele ya mashine ya kutoboa kadi akanitaka niandike jina langu.

Kila nilipobonyeza herufi, chuma kilishuka kikatoboa karatasi ngumu, nikausikia mtikisiko hadi kwenye viwiko. Herufi moja ni matundu mawili. Jina langu lina herufi 6, kwa hiyo matundu 12. Mara ya kwanza nilikosea herufi ya tatu. Nikauliza kifutio kiko wapi. Mzee akatikisa kichwa: tundu halifutiki, akanipa kadi mpya.

Kadi yangu ikaingia chini ya rundo la kadi za wageni wenzangu. Hapo ndipo nilipojibiwa. Mashine haikuja kunisikiliza mimi. Ilingoja rundo zima liwekwe, kisha ikalimeza kwa mkupuo. Kisomaji cha kadi cha 1401 kinaweza kupitisha kadi 800 kwa dakika, na printa yake huchapa mistari 600. Huku ndiko kuchakata data kwa mafungu. Ukiwamo kwenye fungu, kazi yako inakwisha kufumba na kufumbua. Ukibaki nje, kasi yote ile haikuhusu.

Tulipotoka chumbani humo mpwa wangu alinisimulia jinsi watu walivyochoka kungoja. Mwaka 1953, ndani ya ndege iliyotoka Los Angeles kwenda New York, mkuu wa American Airlines, C. R. Smith, alijikuta ameketi jirani na muuzaji wa IBM aitwaye Blair Smith. Enzi hizo kukatia abiria tiketi kulichukua kama dakika 90, makarani wakipekua kadi kwa mikono. Mazungumzo yao yakazaa Sabre, mfumo uliopokea ombi la karani wa mbali na kulijibu papo hapo, kiti kikihesabiwa kimekwenda kabla karani mwingine hajakigusa. M-Pesa, iliyoanza Kenya 2007 na Tanzania 2008, naiona ni ya ukoo huohuo: nikimtumia mama fedha, salio langu linapungua muda uleule, siyo usiku wala mwisho wa mwezi.

Namna ya tatu ya kuchakata data, baada ya mafungu na ya papo hapo, niliiona katika jumba hilohilo, kwenye kabati la seva za Google la mwaka 1999, nyaya zimening'inia kama mizizi ya mkoko. Mashine za bei nafuu zimepangwa tabaka kwa tabaka. Kazi moja hukatwa vipande, kila mashine ikabeba chake, kisha majibu yakakusanywa. Kwetu tungesema ni msaragambo.

Nilidhani basi mafungu ni mambo ya kale. Mpwa wangu akanikatalia. Mishahara mingi hadi leo huchakatwa kwa mafungu, na ni sawa: hesabu ni ileile kwa maelfu ya watu, siku yao ya malipo ni moja. Nimekubaliana naye. Kosa la mwezi ule halikuwa la fungu. Hakuna aliyeweka njia ya kumrudisha aliyeachwa nje, nami nikala kwa mkopo wa duka la jirani hadi orodha nyingine ilipofika.

Kadi yangu ninayo, ipo ndani ya daftari ninapoandika haya. Ninyi vijana mnaounda mifumo ya mishahara, ya matokeo ya mitihani na ya mikopo ya wanafunzi, nawaomba: kabla hamjafunga fungu, mjengeeni aliyesahaulika mlango wa kuingilia mwezi huohuo.