Sauti ya Marehemu

Mara mbili niliifunga Silver Nitrate, riwaya ya kutisha ya Silvia Moreno-Garcia iliyotoka mwaka 2023, nikichoshwa na mwendo wake wa kobe. Ni habari za jiji la Mexico, mwaka 1993. Montserrat, fundi wa sauti za senema, na rafiki yake Tristán, mwigizaji aliyefifia jina, waombwa na mwongozaji mzee watie sauti katika filamu isiyokamilika. Wakatia, marehemu mpenzi wake Tristán akaanza kumtokea. Kumbe kurasa zile za pole zilikuwa moto uliofukiwa majivuni. Filamu za kale za nitrati, zikishika moto, hazizimiki hata majini. Kinitishacho zaidi ni sauti. Ninayo kanda ya marehemu baba. Tangu hapo sijathubutu kuifungulia.