Kazi ya Likizo

Katika miaka yangu ya ualimu nilijisifu kwa jambo moja: sikuwapa watoto kazi ya likizo. Shule ilipofungwa mwezi wa Juni niliwaambia wakacheze, wakalale, wakawasalimie babu na bibi zao. Hapa Shangani mtoto hakosi la kujifunza. Wakati wa bamvua, mwezi uandamapo na uwapo mpevu, maji hupwa sana mnamo saa nne asubuhi, na mtoto aliyefuatana na mama yake miambani hujua lipi ni shimo la pweza na lipi limehamwa. Hujua pia kwamba kesho maji yatachelewa kwa kiasi cha dakika 50. Hiyo nayo ni hesabu, tena haina kiboko.

Hoja sikukosa. Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya Machi 1967, aliilaumu elimu tuliyorithi kwa kuwatenga watoto na jamii yao. Jirani zetu wa Kenya, kwa Sheria yao ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, walikataza hata masomo ya ziada wakati wa likizo. Niliposikia habari hiyo nilifurahi kama mtu aliyeshinda kesi.

Juni ya mwaka 2014, siku ya kufunga shule, msichana mmoja wa darasa la saba alibaki nyuma ya wenzake.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

"Mwalimu, hutupi kazi?"

Nikacheka. Nikamwambia aende akapumzike. Alisimama kidogo, kisha akaenda zake.

Juma la pili nilikutana naye akitoka pwani, ndoo ya chaza kichwani, mdogo wake mgongoni. Nyumbani yalimngoja maji, kuni na masufuria. Kaka yake, mwanafunzi vilevile, nilikuwa nimempita barazani anacheza bao; huyo alikuwa likizo kweli kweli. Nikamwuliza binti kama anasoma.

"Mwalimu ukitoa karatasi, mama huniacha nikae. Nikisema najisomea tu, naambiwa shule imefungwa."

Kumbe hakutaka maswali. Alitaka ruhusa ya kukaa chini, na ruhusa hiyo ilikuwa mkononi mwangu. Mama yake simlaumu hata kidogo. Alikuwa na watoto wa kulisha, na binti yule ndiye aliyekuwa mkono wake wa pili. Mimi ndiye niliyedhani kwamba likizo ni kitu kimoja kwa kila mtoto, na kwamba kengele ya mwisho ikilia wote huenda kupumzika.

Mtihani ulifanyika Septemba. Majina ya waliochaguliwa kwenda sekondari yalipobandikwa, niliyasoma mara mbili, kidole kikiwa juu ya karatasi. La kwake halikuwemo. Siwezi kuapa kwamba kurasa zangu mbili zingemwokoa, wala siwezi kuapa kwamba zisingemwokoa.

Desemba ile nilitoa kazi kwa mara ya kwanza: saa moja kwa siku, si zaidi, na juu yake nikaandika kwa herufi kubwa, "Mzazi, tafadhali mpe mtoto nafasi." Wavulana walinung'unika.

Mjukuu wangu huja kutoka Dar es Salaam na bahasha nene ya maswali, mamia kwa mamia. Hiyo bado naipinga. Mara ya mwisho niliifungia kabatini mpaka bamvua lilipopita, naye hakuiulizia.